Inua Tuone

Aliyeanza kusema "inua" ni Mama Pacha. Baadaye watu walidai ni mimi, lakini siku ile mimi nilikuwa nje, nimeegemea dirisha la zahanati kama mpita njia, maana sikutaka kuonekana nimeingia.

Alikuwa amekaa benchi la mbele, pacha mmoja pajani, mwingine mgongoni. Dada yangu, ambaye ndiye muuguzi wa pale, alikuwa ametoa kichupa cha chanjo ya surua kwenye kisanduku cha barafu. Kabla hajakifungua, Mama Pacha akasema, "Sista, hebu inua tuone."

"Muone nini?"

"Hicho ulichoshika. Kiinue juu kama siku ile."

Akina mama wakacheka, lakini hakuna aliyeuliza siku ile ni ipi.

Kura zetu zilihesabiwa katika ukumbi huohuo, kwenye mabenchi hayohayo. Serikali ilichukua walimu na wauguzi kusimamia, na dada alikuwa mmoja wao. Mimi, ambaye kazi yangu ni kushona, nilikaa kama wakala wa mgombea mmoja. Utaratibu wa kuhesabu ulikuwa mwepesi na niliupenda. Msimamizi anachukua karatasi moja, anaiinua kila mtu aione, anasoma jina, anaiweka kwenye fungu lake. Hakuna aliyegombana. Sisi mawakala wa pande zote tulikunywa maji kwa kikombe kimoja. Mwisho matokeo yakabandikwa mlangoni na sote tukaweka sahihi. Halafu redio ikasoma matokeo ya kituo chetu, na hayakuwa yale ya mlangoni.

Walioenda kuuliza ofisini waliambiwa waende mahakamani. Walioenda mahakamani waliambiwa wamechelewa. Karatasi ya mlangoni ilikaa pale mpaka mvua ikaila.

"Mimi nilihesabu sawa," dada aliniambia wakati ule.

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Sikutazami wewe, Dada. Namtazama aliye juu yako."

Kwa hiyo Mama Pacha aliposema inua, nilidhani dada atakasirika. Hakukasirika. Alikiinua kichupa juu ya kichwa chake, akawaambia kama wanataka kutazama, basi watazame jambo la maana. Juu ya kifuniko kuna alama: duara lenye rangi, na ndani yake mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ikipata joto, mraba unaanza kukoza rangi, na ukifanana na duara, chanjo imekufa, ni ya kutupa. Akapita nacho benchi kwa benchi, kila mama akainamisha kichwa akaona.

"Na huo mraba kauchora nani?" mmoja akauliza.

"Kiwanda."

"Kiwanda cha nani?"

"Mama, hata sindano ya kushonea ya yule ndugu yangu pale dirishani imetoka kiwandani, na gauni lake umelivaa."

Wote wakageuka. Nikatazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Hakukuwa na wingu hata moja.

Tangu hapo, kila kichupa kipya dada alikiinua kwanza. Habari zikasambaa, na mabenchi yaliyokuwa na watu wawili watatu yakaanza kujaa. Waliokuwa wanasema chanjo ni mpango wa kutupunguza wakawa wanasema, "Twende tukaone." Kuona kulikuwa kumewatosha. Nafikiri watu wetu hawakuwa wagumu kama walivyosemwa, walitaka tu mtu awanyooshee mkono juu.

Mimi ndiye niliyebaki mgumu. Binti yangu alikuwa amefika umri wa sindano ile. Tulimwita Bibi, kwa sababu alizaliwa na makunyanzi na macho ya kutuhukumu. Surua ilikuwa imeshaingia mtaani. Mtoto wa muuza maji, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amelala na homa na vipele mwili mzima, na mama yake alikuwa amefunika dirisha kwa kanga kwa sababu mwanga ulimuumiza macho.

"Baba Bibi," mke wangu aliniambia, "wewe unashona kaptula, hujui dawa. Dada yako anajua dawa. Tatizo liko wapi?"

"Dada simkatai."

"Sasa?"

"Chanjo si yake. Analetewa."

"Na kitambaa si unaletewa?"

"Kitambaa nakishika kwanza. Nakivuta, nakitazama kwenye mwanga."

"Basi nenda ukaivute hiyo chanjo, tupumzike!"

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli, lakini hawasemi ashtuke mpaka lini. Nilikwenda dirishani mara moja, nikaenda tena, na mara ya tatu nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba siku ya kliniki inayofuata nitambeba Bibi mwenyewe.  Alitabasamu akiwa amenipa mgongo, nami nikaona mashavu yake kwa nyuma.

Kabla siku hiyo haijafika, mheshimiwa wetu mpya, yule wa matokeo ya redioni, akafanya sherehe ya kuapishwa, ya siku kadhaa. Nilikuwa kwenye cherehani nilipoona jenereta ya zahanati ikipita mbele ya mlango wangu. Ilikuwa juu ya gari, imefungwa kamba, na vijana wamekaa juu yake wakiimba. Vipaza sauti vya mheshimiwa vilihitaji umeme wa uhakika.

Kesho yake umeme ukakatika mtaa mzima na haukurudi upesi. Friji ya zahanati ikanyamaza. Dada alikwenda kwenye sherehe kuomba jenereta, akaambiwa baada ya sherehe. Akaenda tena, akaambiwa mheshimiwa anahutubia. Akazunguka kwenye maduka ya soda akiomba barafu, akaijaza kwenye kisanduku mpaka ikayeyuka, akaomba nyingine, mpaka wenye maduka nao wakaishiwa. Nilimwona akipita na ndoo inayodondosha maji, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mbali. Muziki wa sherehe ulikuwa unafika mpaka kwetu.

Siku ya kliniki nikambeba Bibi. Mke wangu alimvika gauni nililolishona kwa mabaki ya kitambaa cha bibi harusi, na kofia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Pacha alinipisha akasema kwa sauti, "Jamani, Fundi kaingia mlangoni leo! Dirisha limepata likizo!" Watu wakacheka na mimi nikacheka. Pacha wake walikuwa na mafua mara ya kwanza, wakarudishwa, kwa hiyo naye alikuwa bado.

Dada akafungua kisanduku. Akatoa kichupa, akanyoosha mkono kukiinua kama kawaida yake, na mkono ukasimama kabla haujafika juu. Akakisogeza karibu na macho. Akatoa kingine. Akatoa kingine tena. Kisha akakiinua kile cha kwanza juu kabisa, na kwa kuwa nilikuwa benchi la mbele niliuona mraba. Ulikuwa mweusi kama duara lake.

"Zimeharibika," dada akasema. "Zote. Friji ilizima, barafu haikutosha. Sitamchoma mtoto yeyote leo. Rudini nyumbani, nitawaita zikija mpya."

 Mtu wa nyuma akauliza, "Na za wiki iliyopita?"

"Za wiki iliyopita zilikuwa nzima. Mliziona wenyewe."

"Tuliona, ndiyo. Kumbe huwa zinaharibika kweli!"

Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi ukweli unavyoweza kumponyoka mtu mikononi. Dada alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na watu walitoka mle ndani wakiwa wameamini neno moja tu kati ya yote aliyosema, nalo ni "zimeharibika". Hata hivyo nadhani wangerudi. Walimwona akitazama, walimwona alivyoshtuka. Mtu hushtuka hivyo anapokuta jambo asilolijua.

Kilichoharibu ni gari la matangazo. Lilipita asubuhi iliyofuata polepole, likisimama kila kona. "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba chanjo katika zahanati yenu ni salama na hazijawahi kuharibika. Puuzeni uvumi. Yeyote atakayesambaza uvumi atachukuliwa hatua."

Lilisimama mbele ya mlango wangu wakati Mama Pacha yuko ndani akipima sketi. Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni.

"Uvumi?" akasema. "Macho yangu ni uvumi?"

Nikatoa pini. "Simama wima, mama, pindo litapinda."

"Lipinde tu! Fundi, niambie wewe. Dada yako alisema zimeharibika. Hawa wanasema hazijaharibika. Wakileta nyingine wakasema ni nzima, nimwamini nani? Kama ile mbovu ni nzima, basi ile nzima ni nini?"

 Pini zote nilizipachika mahali pasipofaa, ikabidi nianze upya.

Dada alikuja jioni hiyo, bado na sare. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu.

"Wameniita," akasema. "Nimeambiwa nilizua taharuki."

"Uliwaambia jenereta ilikuwa wapi?"

"Wanajua ilikuwa wapi. Waliucheza muziki wake." Akasugua vidole vya miguu. "Ningenyamaza, ningewachoma watoto wote maji matupu, na leo ningekuwa mfanyakazi bora. Watu wangekuwa bado wanakuja. Umeiona hesabu hiyo?"

"Nimeiona."

"Mwite mke wako aniletee chai, sitaki kuongea tena. Na wewe, zikija mpya, umlete mtoto. Usianze mambo yako ya kuuliza uji kaupika nani. Tangu utoto wewe ni hivyo."

"Nitamleta nikisikia wakisema kweli. Neno moja tu, Dada. Waseme ziliharibika, hizi ni mpya. Ni nini kigumu hapo?"

Alinitazama kama mtu anayetazama nguo iliyokatwa vibaya, hasira imepita na sasa anatafuta kama kuna kinachoweza kuokolewa. 

Siku zilizofuata mtoto wa muuza maji alipelekwa hospitali kubwa. Alirudi hai, tukashukuru. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe, na mama yake alipompungia mkono upande huo, mtoto hakugeuka. Muuza maji alipita na mkokoteni wake siku hiyohiyo, akagawa maji kama kawaida. Nilipompa pole alisema tu, "Asante, Fundi," akasukuma. Nilirudi ndani nikambeba Bibi, nikapitisha kidole mbele ya macho yake kushoto na kulia. Akakikamata, akakitia mdomoni.

Usiku mke wangu aliliweka gauni la Bibi juu ya cherehani yangu. 

Chanjo mpya zikaja na Bwana Afya mwenyewe, yule ofisa anayesimamia zahanati zote za upande wetu. Alikuja na gari lilelile la matangazo. Akina mama walijitokeza, lakini walisimama nje ya lango, watoto wamewashika, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mimi nikapita katikati yao nikiwa na Bibi, mke wangu nyuma yangu. Ndani mabenchi yalikuwa matupu. Dada alikaa mezani, na Bwana Afya alisimama kando yake na fulana yenye nembo ya kampeni ya chanjo.

"Karibu, baba," akasema. "Umefanya jambo la busara."

"Bado sijalifanya. Naomba kichupa kiinuliwe."

"Hilo tumelisitisha. Linawapa watu wasiwasi. Hapa ni zahanati, si kituo cha kupigia kura."

"Kura zilipigiwa hapahapa, Bwana."

Nilitegemea akasirike. Badala yake akanishika bega, akanivuta hadi pembeni karibu na mizani ya watoto. Kwa karibu alikuwa mtu aliyechoka, kola ya shati ndani ya fulana imeisha makali. Jambo hilo mimi huliona kwanza kwa mtu.

"Wewe ni fundi, sivyo? Ukiharibu suti ya mteja, unamwambia?"

"Namwambia."

"Vizuri. Akikuuliza mkasi wako ulikuwa kwa nani?"

Nikamhamishia Bibi bega la pili.

"Nikisema ziliharibika, swali la pili ni jenereta. Swali la tatu ni aliyeitoa. Hapo sina kazi, na atakayekuja badala yangu hataleta hata hizi. Hizi nimezileta mimi, kwa kupiga magoti. Ni nzima. Nakuapia kwa mama yangu."

"Nakusadiki," nikamwambia, na kweli nilimsadiki. "Sasa toka nje, pale langoni, uwaambie wale vilevile ulivyoniambia mimi."

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa, Bwana. Ndiyo shida."

Nyuma yetu kiti kikasukumwa. Dada alikuwa amesimama, na mkono wake ulikuwa juu, kichupa kati ya vidole viwili.

"Ziliharibika," akasema kwa sauti ya kufika langoni. "Hizi ni mpya. Mraba mweupe. Njoo uone, mdogo wangu, halafu uniletee mtoto, maana mkono unaniuma."

Nikaenda nikaona. Ulikuwa mweupe kama chokaa. Mke wangu akaona. Nikakaa, nikamshika Bibi, nikamkunjia mkono wa gauni lake. Alilia kwa hasira hasa, akamtazama shangazi yake kama mtu aliyesalitiwa.  Bwana Afya alifunga kisanduku cha barafu, akakinyanyua, akatoka nacho.

Nilidhani anakwenda nacho langoni. Alikipakia kwenye gari.

Nilitoka mbio na mtoto analia. "Jamani ingieni! Ni nzima, nimeona kwa macho yangu!" Mama Pacha akauliza, "Mkubwa amesemaje?" Kabla sijajibu gari likapita kati yetu, akina mama wakiruka pembeni. Dereva alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo sote tulimsikia Bwana Afya akiongea kwenye simu: "Ndiyo, mkuu. Wananchi hawakujitokeza." Walikuwa wamesimama pale wamejaza barabara.

Dada alikuwa mlangoni na kile kichupa kimoja. Kichupa kimoja hutosha watoto kumi, na kikishafunguliwa hakiwezi kungoja siku nyingine. "Hiki ndicho kilichobaki," akasema. "Ninaweza kuwachoma tisa."

Hapo wale waliokuwa wanaogopa kuingia wakaanza kusukumana. Mama Pacha alipita wa kwanza, pacha mmoja kila kwapa, akiwapiga watu viwiko. Waliofuata sikuwachagua. Nilisimama tu mlangoni kuzuia mtoto asikanyagwe, na dada aliposema basi, ni mimi niliyegeuka nikawaambia waliobaki kwamba zimeisha.

"Gari litarudi lini?" mama mmoja akaniuliza. Alikuwa msichana bado, simfahamu, na mtoto wake alikuwa mdogo kuliko Bibi.

"Sijui, mama."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Kweli sijui."

Alimtazama Bibi, akatazama pamba iliyobandikwa mkononi mwake. Kisha akatazama ndani, pale dada yangu alipokuwa anafuta meza.

"Mwenye ndugu humo ndani ndiye aliyetangulia," akasema, si kwangu hasa, kwa wenzake. Wakatikisa vichwa. Hawakupiga kelele. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka.

Nilitaka kuwaita. Nilitaka kuwaeleza habari za mraba, za barafu ya maduka ya soda, za mambo niliyoambiwa pale kwenye mizani. Lakini alichosema yule msichana kilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mlango. Nikasogea pembeni.